Nilivyokuwa Indiketa ya Kushoto

Gari letu lilitoka Mwanza, na usukani wake ulikuwa upande wa kulia kama magari yote ya kule. Rwanda watu hushika upande wa kulia wa barabara, na magari yaliyozaliwa huku usukani wake uko kushoto. Kwa hiyo mume wangu alipoendesha alikaa ukingoni, karibu na mtaro na waenda kwa miguu, na mimi abiria ndiye niliyekaa katikati ya barabara, nikitazamana uso kwa uso na malori yanayokuja.

Ilikuwa miezi ya mwisho ya mwaka 1994. Tulikuwa tumefika Kigali wiki chache tu, mimi nikiwa nimekulia Mwanza na yeye Bujumbura, wote wawili tukirudi kwenye mji ambao wazazi wetu walitusimulia na sisi hatukuwahi kuuona. Tulipanga vyumba viwili vya uani huko Kanombe, kwa mama mmoja mjane aliyetuomba jambo moja tu, kwamba tusipige honi langoni. Hatukumuuliza kwa nini. Tulikuwa tukifika, mmoja wetu anashuka na kugonga polepole kwa kidole.

Gari lilikuwa zawadi ya kaka yangu, dogo, la rangi ya maziwa yaliyokaa siku mbili. Tulipovuka daraja la Rusumo, mpakani, mume wangu alilisimamisha, akashuka, akalizunguka, akarudi ndani na kuhamia upande mwingine wa barabara taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Kabla hatujafika mbali indiketa ya kushoto ikafa. Ya kulia ilibaki nzima. Fundi wa Kanombe alifungua chini ya usukani, akanusa, akasema swichi imeungua na ya namna ile haipatikani hapa, labda Kampala. Alitushauri kwamba kwa sasa anayekaa kushoto awe anatoa mkono.

Anayekaa kushoto nilikuwa mimi.

Mtu mwingine angeniambia, "Tukikata kushoto toa mkono," na mambo yakaishia hapo. Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Kule Bujumbura alijifunza udereva kwa kitabu cha Kifaransa, akakisoma chote kabla ya kugusa usukani, na bado alikuwa nacho, kimefungwa kwa karatasi la sukari. Jioni ile ile alinikalisha mezani akapanga njia panda kwa vijiti vya kiberiti. Punje za mahindi zilikuwa malori na maharage yalikuwa magari madogo. Akanifundisha kwamba ishara hutolewa mapema, kabla ya kupunguza mwendo, si wakati mtu ameshaanza kukata. Akanifundisha kwamba anayekata kushoto anapita mbele ya wanaokuja, kwa hiyo yeye ndiye wa kusubiri, hata kama lori liko mbali, hata kama ana haraka, hata kama ni mbunge. Na mahali ambapo hapana alama yoyote, unampisha anayetokea upande wako wa kulia.

"Ishara ni ombi," alisema, akiwa ameshika haragwe moja. "Si amri. Ukitoa mkono unawaomba wenzako. Wakikataa unangoja."

Nikamuuliza, na wakikubali? Akasema wakikubali unapita, unashukuru. Halafu akaniita bibi, akasema nirudie yote tangu mwanzo. Kwa watu wa Bujumbura bibi ni mke, lakini mimi wa Mwanza kila nikiitwa hivyo nilijiona nina wajukuu.

Nikawa indiketa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuungua na jua, na ndani ya wiki tatu mkono wangu wa kushoto ulikuwa mweusi kuliko wa kulia, hadi mwenye nyumba wetu akaniuliza kama nina ugonjwa wa ngozi. Ila nilichogundua haraka ni kwamba Kigali ya miezi ile hakuna aliyekuwa na uhakika wa barabara. Waliotoka Burundi na Kongo walishika kulia bila kufikiri. Waliotoka Uganda na Tanzania walishika kulia wakifikiri, na pale walipoacha kufikiri walihamia kushoto. Taa za magari zilikuwa za kila tabia, nyingine zikiwaka bila kuombwa, nyingine zikikonyeza pande zote mbili kwa mpigo, na hakuna aliyeziamini. Lakini mkono wa mwanamke, wenye bangili mbili, ukinyooshwa dirishani pale ambapo kila mtu alitarajia kuona dereva, huo waliuamini. Walisimama. Nadhani wengi walisimama kwa mshangao, maana waliona gari linaendeshwa na mtu asiye na usukani.

Kila Jumapili baada ya misa tulikwenda mjini, Gikondo, kwa binamu wa mume wangu. Huyu binamu alikuwa mkubwa wake kwa miaka kumi na mbili na alimsomesha sekondari, kwa hiyo mwaliko wake haukuwa mwaliko, ulikuwa zamu. Tulikaa kwenye viti vya mbao tangu saa sita hadi saa kumi. Alikuwa na simulizi moja, ya jinsi alivyoendesha gari kutoka Bujumbura hadi Kigali kwa siku moja, na aliisimulia kona kwa kona. Ukisinzia mlimani, ukizinduka bado yuko mlimani. Chakula kilikuja alipofika Butare, katikati ya njia, na Jumapili nyingine alichelewa sana kufika Butare.

Mimi nilikuwa na shangazi Kabeza. Ndiye dada pekee wa baba yangu, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, aliyefungua duka la sukari, sabuni na mafuta ya taa katika chumba cha mbele, na katika chumba cha nyuma alichemsha chai ya maziwa na tangawizi kama ya Mwanza hasa. Kutoka Kanombe kwenda mjini, Kabeza iko mkono wa kushoto. Kila Jumapili tulipita njia panda yake bila kusimama, na mimi nikigeuza shingo.

Mara ya kwanza haikuwa kusudi langu. Shangazi alikuwa amesimama kando ya barabara, amevaa kitenge cha kanisani, akanipungia. Nami nikamwinulia mkono. Basi dogo lililokuwa likija mbele likasimama palepale, dereva wake akawasha taa mara mbili na kutuonyesha kwa kiganja kwamba tupite. Nyuma yake gari jingine likasimama, na nyuma ya hilo baiskeli iliyobeba ndizi. Mume wangu aliangalia basi, akaangalia mkono wangu, akaangalia njia ya Kabeza. Masikio yake yakawa mekundu. Watu wote wale walikuwa wamempisha. Kwa mtu aliyelelewa na kile kitabu, kuombewa njia, ukapewa, kisha usipite, ni kama kukaribishwa mezani ukageuza kiti. Alikata kushoto, akainua mkono kuwashukuru wote watatu, yule wa baiskeli pia.

Tulikunywa chai. Shangazi alikaanga na mandazi. Ilipofika saa nane mume wangu alisema sasa tumechelewa mno, kufika Gikondo saa hizi ni utovu wa adabu, na tukarudi nyumbani tumeshiba.

Jumapili iliyofuata shangazi hakuwa barabarani. Nilitoa mkono hata hivyo.

Sitajitetea. Niliutoa mapema, kabla hajapunguza mwendo, kama nilivyofundishwa, nikaunyoosha vizuri, vidole pamoja. Lori la mchanga likasimama. Mume wangu akauliza kuna nini, nikasema nilidhani nimemwona shangazi. Wakati huo dereva wa lori alikuwa ameshatoa kichwa dirishani akitusihi tupite, na tukapita. Jumapili ya tatu nilisema nilikuwa najinyoosha. Ya nne nilisema kuna nyuki. Ya tano hakuuliza. Miezi miwili ikaisha tumekwenda Gikondo mara moja tu, kwa sababu siku hiyo barabara ilikuwa tupu, hapakuwa na wa kutupisha, na mkono wangu ulibaki hewani bila kazi hadi tukaipita njia panda.

Nilianza kuota kiburi. Nilijua ni gari gani litasimama na lipi halitasimama. Malori ya mizigo yalisimama karibu yote. Teksi hazikusimama. Mapadri walisimama kupita kiasi. Kuna siku padri mmoja alisimama, akashuka, akasimamisha na wengine, na tulipopita akatubariki.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua. Ilikuwa imekatika asubuhi ile, barabara bado inang'aa, na mume wangu alikuwa amenyamaza tangu misa. Tulipokaribia Kabeza lilikuja lori la maharage, na mimi nikatoa mkono. Lori likapunguza, likasimama. Ila sisi hatukupunguza. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, anakwenda moja kwa moja Gikondo.

Ningeweza kuurudisha mkono ndani. Nilikuwa na muda. Lakini nilifikiri kwamba nikiushikilia atalegea, kwa hiyo niliushikilia.

Nyuma ya lori kulikuwa na gari dogo la mizigo la mfanyabiashara mmoja. Huyu aliona lori limesimama bila sababu, akadhani limeegeshwa, akatoka nyuma yake ili alipite. Alitokea upande wetu, mbele yetu kabisa. Mume wangu alikanyaga breki na kumkwepa kwa kwenda kulia kwake, kama kitabu kinavyosema. Mfanyabiashara alikuwa amekulia Kampala, naye akamkwepa kwa kwenda kushoto kwake, kama alivyozoea tangu utoto. Kulia kwetu na kushoto kwake ni upande mmoja. Wote wawili wakaona kosa, wakarudi upande wa pili, pamoja. Halafu wakarudi tena, pamoja. Wakati huo tulikuwa tumeshapungua hadi mwendo wa mtu anayetembea, na mwisho tulikutana taratibu kando ya mtaro, bampa kwa bampa, kwa sauti ndogo kama sufuria mbili zinazopangwa kabatini.

Hakuna aliyeumia. Hata taa haikuvunjika. Lakini mkono wangu ulikuwa bado uko nje.

Pale njia panda alikuwapo askari kijana, mwembamba, amevaa buti za mpira, na fimbo mkononi. Alikuwa amepewa kazi ya kuongoza magari. Alikuja bila haraka, akazunguka magari yetu mawili yaliyobusiana, akaja upande wangu. Bila shaka alijua dereva ni nani, usukani ulionekana, ila alianza na mimi.

"Hii mukono ni ya nani?" aliuliza.

Nikasema ni wangu.

"Wewe ndiyo dereva?"

Nikasema hapana.

"Sasa mukono iko naenda wapi?"

Nilisema unakwenda Kabeza. Askari akageukia upande wa pili, akamuuliza mume wangu yeye anakwenda wapi, naye akasema Gikondo. Askari alitutazama kwa zamu. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, kwa sababu alijifuta pua kwa mgongo wa kiganja kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mfanyabiashara alikuwa ameshashuka, amevaa suti ya Jumapili, anadai kwamba kosa ni la lori. Dereva wa lori naye alishuka, akasema yeye alimpisha mwanamke. Mume wangu akashuka na kufanya nilichokuwa nakiogopa: akaanza kueleza. Alieleza kwamba ishara ni ombi. Alieleza kwamba anayesimama njiani lazima ajulikane amesimama kwa nini, na anayepita gari lililosimama lazima ahakikishe mbele ni peupe. Alieleza habari ya kukwepa. Alisema, kwa sauti ya darasani kabisa, kwamba hapa pametokea makosa matatu, na la kwanza ni la gari lake yeye.

Nilitaka kuzama kwenye kiti.

Askari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimwuliza kama sheria hizo anazijua zote, au hizo tatu tu. Mume wangu akasema zote. Askari akamsogelea, akapunguza sauti, lakini dirisha langu lilikuwa wazi nikasikia. Alisema amekulia karibu na Mbarara, Uganda. Madereva wakiwa wanakwenda moja kwa moja hana shida. Wakianza kukata, lazima kwanza atazame mkono ulioshika fimbo ndipo akumbuke kulia ni wapi, na akimaliza kukumbuka wameshapita.

"Basi mwarimu," akasema, akimnyooshea fimbo, "sema na hawa."

Hawa walikuwa wengi. Magari yalikuwa yamejipanga pande zote, na watu wameshuka kuona kama kuna aliyekufa, na walipoona hakuna walibaki. Mume wangu aliipokea fimbo kama mtu anayepokea mtoto. Akachora njia panda kwenye udongo mbichi wa kando ya barabara. Kulikuwa na mama aliyeuza nyanya pale, akamwomba amwazime nyanya sita, na mama akazichagua mwenyewe, zile ngumu. Nyanya zikawa magari.

Alifundisha kwa muda ambao misa mbili zingeisha. Nilikuwa mke wake kwa mwaka mmoja na nusu na sikuwahi kumwona akiwa na furaha namna ile. Shuleni watoto walimsikiliza kwa sababu walilazimika. Hapa walikuwa watu wazima, wengine wana ndevu, wanamkatiza kwa maswali ya kweli. Mmoja aliuliza, kama magari manne yamefika njia panda kwa wakati mmoja, na kila mmoja lazima ampishe wa kulia kwake, nani atapita? Mume wangu aliinama akatazama nyanya zake nne. Akakiri kwamba kwa sheria hapiti mtu. Kila mmoja ana mwingine kulia kwake.

"Sasa tutalala hapa?" aliuliza mfanyabiashara.

"Hapana," mume wangu akasema. "Hapo inabidi mmoja wenu awe na adabu kuliko sheria."

Watu walicheka. Hatukuwa tumesikia watu wengi wakicheka pamoja katika mji ule, na nakumbuka kwamba kicheko chenyewe kilikatika ghafla, kama kwamba kila mmoja alitazama nyuma kuona nani amemsikia.

Pembeni alisimama mzee mmoja mwenye koti la mvua, ambaye hakucheka na hakuuliza. Ilipofika zamu ya kubishana nani ana haki ya kwanza kwenye njia panda ile hasa, wa barabara kubwa au wa kutoka Kabeza, aliingia katikati taratibu. Alisema kwamba yeye alikuwa dereva hapa miaka ishirini. Hakwenda popote, alikuwa hapa wakati wote. Alisema neno hilo, wakati wote, na watu wakatazama chini.

"Hapa kulikuwa na alama," alisema. Akatuonyesha kwa kiatu chake tundu dogo lililojaa maji ya mvua, na ndani yake kisiki cha nguzo ya chuma. "Ilisema anayetoka Kabeza asimame. Sisi tuliokuwepo tulikuwa tunajua. Hamkutuuliza."

Mume wangu alimpa fimbo. Mzee akamaliza somo kwa sentensi tatu, bila nyanya. Kisha akairudisha fimbo kwa askari, akaaga kwa kuinamisha kichwa, akashuka njia ya Kabeza. Tulibaki tumesimama. Nilikuwa nimeshashuka garini wakati huo, na nilijiona mdogo, mimi na mkono wangu.

Askari ndiye aliyeturudishia sauti. Aliwaamuru wote waondoke mmoja mmoja, na safari hii kila dereva alisimama, akaangalia kulia, akatoa ishara, hata wale waliokuwa hawakati popote. Ilichukua muda mrefu ajabu.

Habari zilikuwa zimeshafika Kabeza, ila zimeharibika njiani. Shangazi alikuja anakimbia, chupa ya chai kwapani, kwa sababu aliambiwa mkwe wake amekamatwa na anachapwa kwa fimbo. Alipomkuta ameshika nyanya mbili, mzima, anazirudisha kwa mwenyewe na kushukuru, alikasirika kidogo. Akawamiminia chai askari na mfanyabiashara, na mimi akanipa yangu kwenye kifuniko. Mfanyabiashara alisema chai hiyo ni kama ya mama yake. Yeye na mume wangu walitazama bampa za magari, wakapeana mikono, na hakuna aliyemdai mwenzake kitu. Akauliza kwa nini tunaendesha kwa mkono wa mwanamke. Tukamweleza habari ya swichi. Akasema Jumanne anakwenda Kampala, atatuletea nyingine.

Gikondo hatukufika siku hiyo pia.

Tukiwa tunarudi Kanombe, niliona vibaya kunyamaza. Nilimwambia mume wangu kwamba shangazi sikumwona, na nyuki hawakuwapo. Nikamwambia Jumapili zote tangu ile ya kwanza zilikuwa kusudi langu.

Alisema anajua.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu ya pili, kwa sababu mtu anayemsalimia shangazi yake hanyooshi vidole pamoja. Nikamuuliza kama alijua, kwa nini alikuwa anakata. Hapo alijifanya anatazama kioo.

"Binamu huniuliza kwa nini sikufika," alisema mwishoni. "Mimi siwezi kumdanganya, ndiye aliyenisomesha. Kwa hiyo namwambia ukweli. Namwambia mke wangu alitoa mkono, watu wakatupisha, nikalazimika kukata."

Nilikaa nikifikiria miezi miwili ya chai ya tangawizi, na mimi nikidhani ninamwiba. Kumbe alikuwa ananitumia kama cheti cha daktari. Nilimuuliza kile nilichotaka kuuliza tangu saa sita: leo je? Leo kwa nini hakukata?

Masikio yakawa mekundu tena. Alikiri kwamba alitaka kuona kama nitaurudisha ndani. Alikuwa amehesabu umbali, akaona nina muda wa kutosha, akajiambia hatalegea. Kwa hiyo lile kosa la kwanza alilolitaja mbele ya askari, la gari lake, halikuwa la mkono tu. Nilimwambia mbona hilo hakulisema kule darasani. Akasema hawakuuliza.

Tulicheka hadi langoni, kisha tukanyamaza, nikashuka nikagonga kwa kidole.

Mfanyabiashara alikuwa mtu wa ahadi. Wiki mbili baadaye alikuja na swichi ndani ya karatasi la gazeti, na fundi wa Kanombe akaifunga kwa nusu saa. Nilikaa kwenye kiti changu, mume wangu akabonyeza, na taa ya kushoto ikaanza kuwaka na kuzima ikipiga tik, tik, tik. Alifurahi sana. Aliiacha ikipiga kwa dakika nzima akiisikiliza. Mimi niliichukia tangu tiki ya kwanza. Niliteremsha mkono mapajani, sikujua niuweke wapi.

Kuanzia hapo, nikitaka kwenda kwa shangazi, ilinibidi niombe kwa mdomo kama watu wengine. Jumapili ya kwanza nilianza kuomba tangu misa. Nilisema nina kiu. Nilisema shangazi ana kikohozi. Nilisema nimeota ndoto. Mume wangu aliendesha akisikiliza, akapunguza mwendo karibu na Kabeza, akatazama mbele, akatazama kioo, akanitazama mimi. Lilikuwa likija lori moja. Lilitupita bila kusimama, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kulisimamisha, na sisi tukaenda Gikondo. Binamu alikuwa ametungoja mlangoni. Alitukaribisha ndani, akatukalisha, akaanza kutoka Bujumbura.